Dola za Fedha za Marekani: Kwa Nini Maduka Hayazitaki Tena kwa Bei ya Zamani

(Maandishi ya hotuba iliyotolewa kwa Waswahili waishio Marekani walionunua au kurithi sarafu za fedha)

Ndugu mwenyekiti, wazee wetu, mama zetu, kaka na dada mliofika, habari za jioni.

Tuanze na bei, maana najua ndiyo iliyowaleta wengi hapa. Ukichukua dola ya Morgan, ile sarafu kubwa ya zamani ya dola moja ya Marekani, iliyochakaa kidogo, tuseme ya mwaka 1921, ukaipeleka kwa muuza sarafu, ataitazama tarehe, ataigeuza atafute alama ya kiwanda, yaani herufi ndogo ya mji ilikotengenezwa, kisha atashika kikokotoo. Atachukua bei ya fedha, yaani yale madini meupe, ya saa ileile, azidishe kwa 0.7734, kiasi cha wakia za fedha zilizomo, atoe asilimia yake, akutajie. Habari ya historia ya sarafu haitaingia katika hesabu hiyo hata senti moja. Mtu aliyeinunua sarafu hiyohiyo kutoka tangazo la televisheni, ikiwa ndani ya kisanduku cha mbao na cheti chenye mhuri wa rangi ya dhahabu, hutoka dukani akidhani ametapeliwa na yule mnunuzi. Mara nyingi mnunuzi amesema kweli. Bei isiyokuwa na msingi ni ile ya siku ya kwanza.

Ninachotaka tuelewane jioni hii ni hiki: ile nyongeza ambayo watu walikuwa wakilipa juu ya thamani ya madini kwa dola za kawaida imeyeyuka, na haitarudi kwa sababu tu tumesubiri. Kwa hiyo anayemiliki sarafu hizi anapaswa kujua mambo mawili. Zipi ni za kawaida, aziuze kama fedha ya uzito. Zipi si za kawaida, asiziachie kwa bei ya uzito.

Tufahamiane kwanza na kitu chenyewe. Dola ya Morgan ilichorwa na George T. Morgan, ikatengenezwa kuanzia 1878 hadi 1904, halafu tena 1921. Dola ya Peace, iliyochorwa na Anthony de Francisci, ilifuata kuanzia Desemba 1921 hadi 1928, na tena 1934 na 1935. Zote mbili zina uzito wa gramu 26.73 na kipenyo cha milimita 38.1. Asilimia 90 ni fedha na 10 ni shaba. Ndani yake mna wakia 0.7734 ya fedha halisi, na hapa wakia ni ile ya masonara, gramu 31.1, si ile ya mizani ya jikoni yenye gramu 28.35. Wapo watu wanaopima sarafu zao jikoni wakapata hesabu kubwa kuliko haki, kisha wakamlaumu muuza duka.

Hesabu ni nyepesi. Fedha ikiwa dola 30 kwa wakia, sarafu moja ina madini ya dola 23.20. Ikiwa dola 50, ni dola 38.67. Sarafu iliyolika sana imepoteza madini kidogo, ndiyo maana wanunuzi wengi hutumia 0.765 kwa zilizochakaa.

Sasa, kwa nini zipo nyingi hivi? Hili linahitaji muda kidogo, maana ndilo shina la kila kitu. Mwaka 1878 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya Bland-Allison iliyoilazimisha Hazina kununua fedha ya dola milioni mbili hadi nne kila mwezi na kuigeuza sarafu. Migodi ya Nevada ilikuwa ikitoa fedha kwa wingi, na wenye migodi walikuwa na sauti bungeni. Wananchi wenyewe hawakuwa na haja na sarafu nzito mfukoni, hasa majimbo ya mashariki. Basi zikatengenezwa, zikatiwa katika magunia ya sarafu 1,000 kila moja, karibu kilo 27, zikawekwa stoo za serikali, na nje zikazunguka noti za karatasi zilizosimama badala yake. Mamia ya mamilioni ya sarafu yalitengenezwa kwa utaratibu huo, na sehemu kubwa haikuwahi kushikwa na mkono wa mnunuzi wa mkate.

Mwaka 1918 ikaja sheria ya Pittman. Zaidi ya dola milioni 270 ziliyeyushwa, na sehemu kubwa ya fedha hiyo Uingereza iliinunua kwa ajili ya India, ambako rupia ilikuwa imebanwa na vita. Rupia hiyo ndiyo iliyokuwa mikononi mwa watu wa Zanzibar na Mombasa wakati ule, kwa hiyo hata pwani yetu ina kauzi kake katika habari hii. Lakini sheria hiyohiyo iliagiza kwamba kilichoyeyushwa kirudishwe. Ndipo mwaka 1921 viwanda vikafanya kazi usiku na mchana. Philadelphia peke yake ilitoa dola za Morgan 44,690,000 mwaka huo, na mwaka uliofuata, 1922, ikatoa dola za Peace 51,737,000. Ukiona 1921 ya Morgan au 1922 ya Peace bila alama ya kiwanda, kumbuka tarakimu hizo mbili kabla hujaanza kuota.

Halafu magunia yakaanza kufunguliwa. Kabla ya mwaka 1962, dola ya 1903 yenye alama ya O, yaani ya New Orleans, ilihesabiwa kuwa miongoni mwa Morgan adimu kuliko zote. Orodha za bei ziliiandika dola 1,500 kwa isiyotumika. Mwishoni mwa 1962 Hazina ikatoa magunia yaliyokaa miaka mingi, na ndani yake zikatoka 1903-O mpya kabisa kwa maelfu. Bei ikaporomoka hadi makumi ya dola. Watu wakapanga foleni kwenye jengo la Hazina mjini Washington wakibadilisha noti kwa magunia, mpaka Machi 1964 serikali ilipofunga mlango ikiwa imebakiwa na takriban milioni tatu tu, nyingi zikiwa za Carson City. Hizo nazo zikauzwa kwa umma kati ya 1972 na 1980. Mwaka 1976 ikauzwa akiba ya LaVere Redfield wa Reno, Nevada, mtu aliyekuwa ameficha nyumbani kwake zaidi ya dola 400,000 za fedha. Kampuni moja iliinunua yote kwa dola milioni 7.3, kisha ikaiachia sokoni polepole.

Natumia muda hapa kwa sababu bado kuna watu wanaosikia "miaka mia moja na arobaini" wakadhani umri ndio uadimu. Umri haumfanyi mnunuzi atoe pesa. Kinachohesabika ni ngapi zimebaki, katika hali gani, na wangapi wanazitaka. Jamaa zetu wa Zanzibar na Oman wanaifahamu vizuri reale ya Maria Theresa: imeandikwa 1780, na imeendelea kutengenezwa kwa tarehe hiyohiyo karne baada ya karne katika miji kadhaa. Tarehe pale haikwambii chochote kuhusu bei. Dola ya Morgan ya kawaida inakaribia hali hiyo.

Upande wa walio na hamu ndio uliobadilika zaidi miaka ya karibuni. Kizazi kilichokusanya dola hizi kwa kujaza albamu, tundu moja kila mwaka na kila kiwanda, kimezeeka. Wengi wamefariki, na watoto wao wanaleta masanduku dukani. Kijana wa leo akikusanya, hukusanya vichache vya kupendeza. Hana haja ya kujaza matundu 90 na zaidi ambayo nusu yake ni sarafu zinazofanana. Kwa hiyo zinazoingia dukani ni nyingi kuliko zinazotoka, na duka lililojaa haliwezi kulipa kama duka lenye upungufu.

Intaneti nayo imefanya kazi yake. Zamani mtu wa mji mdogo aliingia dukani akaona 1881-S moja, yaani ya San Francisco, inang'aa kama kioo, akadhani hataiona tena. Leo anafungua simu na kuziona mia tano zikiuzwa kwa wakati mmoja. Tena kampuni za kupanga madaraja, PCGS iliyoanza 1986 na NGC iliyoanza 1987, huchapisha hesabu ya sarafu zote zilizopita mikononi mwao. Kwa 1881-S hesabu hiyo ni mamia ya maelfu. Kabla ya kampuni hizo, muuzaji aliweza kuapa kwamba ni adimu. Baada yake, mnunuzi anasoma mwenyewe. Mwaka 1989 wawekezaji walipovamia soko, Morgan za kawaida zenye daraja la 65 kati ya 70 ziliuzwa kwa mamia ya dola kila moja. Katika miaka ya 1990 zilikuwa chini ya nusu ya bei hiyo, na walionunua kileleni wengi wao hawajarudisha pesa zao mpaka leo ukihesabu na mfumuko wa bei.

Jambo la tatu ni bei ya fedha yenyewe, na hapa ndipo watu wengi wanapochanganyikiwa. Oktoba 2025 fedha ilivuka dola 50 kwa wakia na kupita kilele chake cha Januari 1980. Mtu anasema: kama fedha imepanda, kwa nini duka linanilipa chini ya madini?

Sababu ni hizi. Mkusanyaji aliyekuwa tayari kutoa dola 35 kwa sarafu yenye madini ya dola 18 hatoi dola 55 madini yakifika 38. Mfuko wake haujapanda pamoja na soko. Anaacha kununua. Anayebaki ni mnunuzi wa madini, na huyo hupenda vipande vya wakia moja kamili vya asilimia 99.9, kama Silver Eagle inayotengenezwa na serikali tangu 1986, kwa sababu hesabu yake ni rahisi na havina shaba ya kutenganishwa. Na bei ikipanda ghafla, kila mwenye sanduku hulileta dukani wiki moja. Duka linazipeleka kwenye kiwanda cha kusafishia madini, kiwanda kinaelemewa, foleni inakuwa ya wiki kadhaa, na pesa ya mwenye duka inalala huku bei ikiweza kuanguka kabla hajalipwa. Hatari hiyo anaikata katika bei anayokupa wewe. Ndiyo maana siku bei ya fedha inapopiga kelele kwenye habari huwa si siku nzuri ya kuuza dola za asilimia 90. Siku nzuri ni ile bei ikiwa juu lakini imetulia kwa wiki kadhaa, maduka yamepumua.

Nyongeza ndogo: serikali imerudisha Morgan na Peace tangu 2021, za fedha ya asilimia 99.9, na za mwaka huo ziliuzwa kwa dola 85 moja. Hizi msizichanganye na za zamani. Zina wakia 0.858 ya fedha, na zimeongeza tu idadi ya dola zinazogombea mnunuzi yuleyule.

Sasa twende kwenye kazi yenyewe. Umeletewa sanduku, au umelirithi, au umelinunua. Ufanyeje?

Tandika taulo safi mezani, osha na kukausha mikono, na ushike kila sarafu kwa ukingo wake, kidole gumba na cha shahada, bila kugusa uso. Mafuta ya kidole huacha alama inayogeuka kuwa weusi baada ya miezi. Geuza upande wa tai. Kwenye Morgan, tazama chini ya shada, juu ya neno DOLLAR katikati ya herufi D na O. Ikiwa hakuna herufi, ni ya Philadelphia. S ni San Francisco, O ni New Orleans, D ni Denver, CC ni Carson City. Kwenye Peace herufi iko chini ya neno ONE, juu ya ncha ya bawa la tai. Panga marundo kwa mwaka na alama.

Weka pembeni hizi, kila moja peke yake: CC yoyote ile, 1893 yoyote, 1894 bila alama, 1895 yoyote, na kwa upande wa Peace, 1921, 1928 bila alama, na 1934-S. 1893-S ilitengenezwa 100,000 tu na hata iliyochakaa inauzwa kwa maelfu ya dola. 1889-CC ilitengenezwa 350,000. Peace ya 1928 ya Philadelphia ni 360,649. Ukikuta mojawapo kati ya hizi, usiipeleke dukani kabla hujaifanyia uchunguzi, kwa kuwa ndizo zinazoghushiwa zaidi.

Halafu kuna mtego unaowapata hata wanaojua. Zipo sarafu ambazo zikiwa zimechakaa ni za kawaida, lakini zikiwa hazijatumika ni hazina. 1884-S ni mfano mzuri: milioni 3.2 zilitengenezwa, nyingi zikatumika, na ambayo haijaguswa inatafutwa kwa bei kubwa mno. 1892-S na 1901 ya Philadelphia zinafuata njia hiyohiyo. Kinyume chake ni 1884-CC. Ilitengenezwa kidogo, milioni 1.136, lakini 962,638 kati yake zilikuwa bado stoo za serikali na zikauzwa katika miaka ya 1970. Kwa hiyo ina CC, ina bei nzuri, lakini haina uadimu ambao tarakimu ya kutengenezwa ingekufanya uufikirie.

Namna ya kujua kama sarafu imetumika ndiyo sehemu inayostahili uvumilivu. Keti karibu na taa moja yenye balbu, uzime nyingine. Shika sarafu kwa ukingo, inamishe polepole huku na huku. Iliyo mpya ina mng'ao unaozunguka: miali miwili ya mwanga inazunguka uso mzima bila kukatika, ikipanda juu ya shavu na kushuka upande wa pili. Sasa, kwenye Morgan, tazama nywele juu ya sikio la yule mwanamke aliyechorwa upande wa mbele, halafu shavu lake, halafu manyoya ya kifua cha tai upande wa pili. Hizo ndizo sehemu zilizoinuka. Kama mwali unapofika pale unazimika na kuacha kijivu bapa, sarafu imepita mikononi mwa watu, hata kama sehemu nyingine zinang'aa. Tahadhari moja: za New Orleans mara nyingi zilipigwa chapa kwa nguvu ndogo, kwa hiyo nywele juu ya sikio huwa hazina umbo tangu siku ya kwanza. Hapo utaona umbo limefifia lakini mwali unapita juu yake bila kukatika. Kufifia kwa chapa na kulika kwa matumizi ni vitu viwili tofauti kwa bei, na mwanga ndio unaovitenganisha.

Mnapofika mwaka 1878, hesabuni manyoya ya mkia wa tai. Za mwanzo zina manane, zilizofuata zina saba, na nyingine zina saba yaliyopigwa juu ya manane, ncha za yale ya chini zikichungulia. Kioo cha kukuza mara kumi kinatosha.

Kuhusu kusafisha, nasema kwa mkazo wote nilio nao: msisafishe. Si kwa dawa ya meno, si kwa magadi, si kwa kitambaa cha kusafishia vyombo vya fedha. Kitambaa huacha mikwaruzo myembamba iliyolala upande mmoja. Kwa macho ya kawaida sarafu inaonekana imependeza. Chini ya taa mnunuzi anaiona mara moja, na sarafu iliyokuwa na nyongeza ya bei inarudi kuwa madini tu. Weusi wa miaka kwenye fedha hauharibu bei, na wakati mwingine unaiongeza.

Kuna hali moja tu inayohitaji hatua. Sarafu zilizowekwa kwenye mifuko ya plastiki laini ya PVC hushika utando wa kijani unaonata, na utando huo una asidi inayoendelea kula fedha. Hapo tumia asetoni safi inayouzwa maduka ya vifaa vya ujenzi, si ile ya kuondolea rangi ya kucha yenye manukato na mafuta. Mimina kwenye bakuli la kioo, lazeni sarafu humo dakika kumi, igeuze, badilisha asetoni, kisha suuza kwa maji yaliyochujwa na uigandamize taratibu kati ya taulo mbili bila kusugua. Fungua madirisha na msiwe na moto karibu. Baada ya hapo iwekwe kwenye kapsuli ngumu ya milimita 38.

Kughushi. Soko limejaa dola bandia, na hofu ya bandia nayo imewafukuza wanunuzi wapya. Anza na mizani inayosoma hadi sehemu moja ya mia ya gramu: sarafu isiyochakaa iwe karibu sana na 26.73, iliyochakaa inaweza kufika 26 na kidogo. Sumaku isiishike hata chembe. Kisha kipimo cha maji, ambacho wengi hawakijui. Weka kikombe cha maji juu ya mizani, uirudishe sifuri. Funga sarafu kwa uzi mwembamba, uizamishe yote bila kugusa chini wala pembeni. Mizani itasoma uzito wa maji yaliyosukumwa. Dola halali isome karibu na gramu 2.6. Ikisoma 3 au zaidi, hiyo ni shaba nyeupe au kitu kingine kilichopakwa fedha. Gawanya uzito wa sarafu kwa tarakimu ya maji, upate karibu 10.3. Kipimo hiki hakikamati bandia iliyotengenezwa kwa fedha halisi ili kuiga mwaka adimu, wala sarafu halali iliyobandikwa herufi ya kiwanda kwa gundi au kwa kuchomelea. Kwa hizo, kama ni mwaka ule tuliouweka pembeni, ndipo mtaalamu analipwa.

Kwa hiyo mtu asipeleke kila kitu PCGS au NGC. Gharama ya sarafu moja huvuka dola 20 kabla hujalipa ushughulikiaji, posta na bima ya kwenda na kurudi. Dola ya Peace ya 1923 ikirudi na daraja la 63, tofauti yake na isiyo na ganda, yaani kasha gumu la plastiki ambamo kampuni hufungia sarafu iliyopimwa, haitoshi kulipa gharama hiyo. Kipimo tunachokitumia ni kwamba ganda liongeze angalau mara tatu ya gharama yote, vinginevyo pesa inakwenda kwa kampuni na kwa posta. Peleka za miaka adimu, kwa sababu ya uhalali, na zile mpya zenye uso safi kiasi kwamba unaamini zinafika 66 au 67. Za kawaida zilizochakaa msizipeleke kabisa. Na kama una za Carson City zilizo ndani ya vile vikasha vigumu vyeusi vya serikali vya miaka ya 1970, msivifungue. Kikasha, sanduku lake la kadi na karatasi yake vina wanunuzi wao wenyewe, na sarafu iliyotolewa humo hupoteza sehemu ya bei hiyo moja kwa moja.

Tuje kwenye kuuza. Orodha za bei mnazoziona kwenye intaneti nyingi ni za rejareja, yaani bei anayoiomba mwenye duka. Wafanyabiashara wenyewe wanaangalia Greysheet, orodha ya bei za jumla iliyoanza 1963. Ulizieni tarakimu ya Greysheet na mjue kwamba mwenye duka kwa dola za kawaida atalipa chini yake, maana naye lazima ale.

Chukua mfano wa sarafu 100 zilizochakaa, zote za kawaida, siku fedha ni dola 30. Madini ni wakia 77.34, au 76.5 kwa kipimo cha zilizolika, yaani kati ya dola 2,295 na 2,320. Duka likikupa asilimia 95 ya hesabu ya chini, ni dola 2,180. Ukiziuza moja moja mtandaoni unaweza kupata zaidi kwa kila sarafu, lakini mnada wa mtandaoni unakata zaidi ya asilimia 10, kuna posta, kuna picha mia moja za kupiga, na kuna wanaorudisha. Kwa sarafu za kawaida sana tofauti inayobaki ni ndogo, na pengine hakuna. Nafuu iliyopo ni kumpata mnunuzi wa madini au mkusanyaji ana kwa ana kwenye maonyesho ya sarafu, ambako meza kumi zipo chumba kimoja na unaweza kuuliza meza tatu kwa nusu saa. Omba bei kwa asilimia ya madini, usiulize "utanipa ngapi". Ukisema "unalipa asilimia ngapi kwa Morgan zilizochakaa leo," anajua anazungumza na mtu anayefahamu, na jibu hubadilika.

Usiuze sanduku zima kwa bei moja kabla hujalipanga. Mnunuzi asiye mwaminifu ataona CC mbili katikati, atakupa bei nzuri ya madini kwa yote, nawe utamshukuru. Vilevile usimruhusu achague nzuri tu akuachie takataka. Uza marundo mawili, adimu kwa bei yake na kawaida kwa uzito. Wale wanaokodisha ukumbi wa hoteli wikiendi wakitangaza kwamba wananunua sarafu na dhahabu, waacheni mpaka mmepata bei mbili za maduka yenye anwani ya kudumu. Na za kuuza madukani msizipeleke kwa duka la rehani. Mkopeshaji wa rehani hukopesha sehemu ndogo ya madini, na riba humaliza kilichobaki.

Kwa wanaotaka kununua licha ya yote haya, na wapo, soko hili linawafaa kuliko wakati wowote wa miaka ya karibuni. Lipeni bei ya madini au iliyo karibu sana nayo kwa za kawaida. Anayekuuzia 1921 ya kawaida kwa mara mbili ya madini anakuuzia kisanduku.

Jambo la mwisho ni kodi, na linawahusu hasa waliorithi. Sheria ya Marekani inaweka sarafu kwenye kundi la vitu vya kukusanya, ambavyo faida yake, ukivimiliki zaidi ya mwaka, inaweza kutozwa hadi asilimia 28 ya kodi ya serikali kuu. Lakini kwa aliyerithi, thamani ya kuanzia ni ile ya siku marehemu alipofariki, wala si dola 8 aliyonunulia mzee mwaka 1975. Kwa hiyo andikeni tarehe ya kufariki, tafuteni bei ya fedha ya siku hiyo, orodhesheni sarafu kwa mwaka na alama, wekeni karatasi hiyo pamoja na nyaraka za mirathi. Bila karatasi hiyo mtu anaweza kulipa kodi juu ya faida ambayo hakuipata. Mhasibu wenu atawaambia yaliyobaki kulingana na jimbo mnaloishi.

Mizani, sumaku, kikombe cha maji na taa viko meza ya mbele. Wenye sarafu waje kwa foleni, kila mtu na marundo yake, na tuanze na wale wenye CC na wa mwaka 1893. Maswali ya kodi yatangoja mpaka tumalize kupima.